Kwa nini daktari anaangalia kompyuta kuliko wewe?

Umekaa mbele ya daktari Mpanda, macho yake yako kwenye kompyuta. Hajakudharau. Vituo vingi vya serikali vinatumia GoT-HoMIS, mfumo wa TAMISEMI unaounganisha mapokezi, malipo, maabara na famasi.

Shida ni skrini. Daktari alisomea kutibu, siyo IT, na amezoea vitabu vya MTUHA. Kitabu Namba 5, cha wagonjwa wa nje, anakijaza bila kufikiria. Skrini ikifuata mpangilio uleule, haumsumbui. Akiandika “malaria”, B54 ijilete yenyewe. Nani akariri misimbo na foleni imefika nje?

Hatari zaidi ni majina. Wakiwepo akina Juma wawili, skrini isiyoonyesha umri na jinsia pembeni inaweza kumpa mmoja dawa ya mwenzake.