Je, Wajua? Mzee, Mhudumu na Mlango wa Namba za Siri

Je, wajua kwamba huko England na Wales mhudumu wa wazee hana ruhusa ya kudhani tu kwamba mzee hawezi kujiamulia? Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005 inamhesabu kila aliyefikisha miaka 16 kuwa anaweza, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Umri mkubwa hautoshi kuthibitisha. Hata cheti cha daktari kinachotaja dimenshia hakitoshi peke yake.

Je, wajua kwamba uwezo hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja? Bibi anaweza kushindwa kuamua juu ya kuuza nyumba yake, na saa hiyo hiyo akachagua vizuri kabisa ale nini na avae nini. Huulizwa kama anaelewa anachoelezwa, anakishika kichwani, anakipima, na anaweza kujulisha alichoamua. Akikishika kwa muda mfupi tu, yatosha. Na si lazima atamke. Kupepesa jicho nako ni jibu.

Je, wajua kwamba uamuzi usio wa busara unalindwa? Nadhani hapa ndipo mtu aliyetoka Nakuru au Moshi kwenda kufanya kazi hiyo anapopata shida. Kwetu mgonjwa akikataa uji hubembelezwa, akikaidi hulishwa, na aliyemlisha husifiwa. Kule, mzee mwenye uwezo akikataa, amekataa. Mhudumu atamweleza madhara, atampa chakula kingine, ataandika kilichotokea, na baadaye atarudi kumuuliza tena.

Je, wajua kwamba kuwa mtoto wa mzee, hata kifungua mimba, hakukupi mamlaka ya kumwamulia? Bila hati ya uwakilishi iliyosajiliwa au amri ya mahakama, unasikilizwa kama ndugu, basi. Na yako mambo ambayo hakuna awezaye kumwamulia mwenzake asiye na uwezo, yakiwamo kuoa au kuolewa, na kupiga kura.

Je, wajua kinga za uhuru, yaani utaratibu wa kumlinda asiye na uwezo asinyimwe uhuru ovyo, zilianzia wapi? Mwaka 1997, mwanamume mwenye usonji asiyeweza kuzungumza alilazwa katika hospitali ya Bournewood, Surrey. Hakupinga wala hakujaribu kutoroka, kwa hiyo akachukuliwa kuwa amekubali. Waliokuwa wakiishi naye na kumtunza walizuiwa hata kumtembelea. Mwaka 2004 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba alinyimwa uhuru wake kinyume cha haki. Ndipo ukawekwa utaratibu ulioanza kutumika 2009: nyumba ya wazee au hospitali inayomzuia mtu asiyeweza kuridhia mwenyewe lazima iombe kibali, na kibali hakizidi miezi 12.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikarahisisha kipimo cha kujua nani amenyimwa uhuru. Je, mtu yuko chini ya uangalizi na udhibiti wa muda wote? Je, hana uhuru wa kuondoka? Yakiwepo yote mawili, mahakama hiyo iliamua, amenyimwa uhuru, hata akiwa ametulia na chumba chake ni kizuri. Jaji Lady Hale alisema kizimba cha dhahabu ni kizimba vilevile. Maombi ya kibali nchini England yakaruka kutoka takriban 13,000 kwa mwaka hadi zaidi ya 300,000 mwaka 2022/23. Kisheria halmashauri inayopelekewa ombi la kawaida ina siku 21 za kulijibu. Wengi husubiri miezi.

Je, wajua kwamba sheria mpya ya kupunguza mlundikano huo ilipitishwa 2019 na haijatekelezwa? Ilipangwa ianze Oktoba 2020, ikasogezwa hadi Aprili 2022, kisha 2023 serikali ikaiweka kando. Mwaka 2025 ikatangaza kwamba itaomba tena maoni ya wananchi. Ingewagusa walio na miaka 16 na 17, ingefika hadi majumbani mwa watu, na ingepunguza tathmini kutoka sita hadi tatu. Misingi ya sheria ya 2005 haikuifuta. Kwa hiyo mkufunzi anayemaliza siku nzima akieleza fomu za sheria hiyo isiyoanza, huku wanafunzi wake hawajui kupima uwezo, anawapotezea muda.

Je, wajua kwamba vizuizi vya pembeni mwa kitanda, mkanda wa kiti, dawa iliyofichwa ndani ya chakula na mlango wa namba za siri vyote vinaweza kuhesabiwa kuwa kumbana mtu? Je, wajua pia kwamba kumtesa asiye na uwezo, au kumtelekeza kwa makusudi, kunaweza kumfunga mhudumu hadi miaka 5?

Kama unafanya kazi hiyo, zamu yako ijayo mwombe meneja akuonyeshe kibali cha mzee unayemhudumia. Soma kinaisha lini na kina masharti gani. Kama hakipo, na mzee hawezi kutoka atakapo, uliza ombi lilipelekwa lini, kisha uandike jibu ulilopewa.