Hati Iko kwa Jina la Marehemu

Anayetaka kununua nyumba au ploti Kericho na Bomet huanza na swali moja: nitajuaje kama hati ni feki? Kuuliza si kosa. Lakini kwenye nchi ya chai, kuanzia Kapsoit hadi Sotik, hati mara nyingi ni halali tupu. Kinachowatesa wanunuzi ni jina lililoandikwa juu yake. Ni jina la mzee aliyezikwa zamani, na anayeuza ni mwanawe wa tatu, ambaye hajapewa na mahakama yoyote ruhusa ya kuuza hata mche mmoja wa chai.

Wanunuzi wa ploti hizi wengi si matajiri. Wamo waliofanya kazi kwenye mashamba ya makampuni, wakalea watoto katika nyumba za kampuni, na siku ya kustaafu nyumba ikarudi kwa mwenyewe. Kiinua mgongo kikitoka kinatafutiwa ardhi upesi kabla hakijaliwa. Haraka hiyo ndiyo inayowaponza.

Mwana wa marehemu atakwambia, na pengine ni kweli, kwamba baba alimwonyesha sehemu yake kabla hajafa. Majirani watathibitisha. Kwa ukoo, hayo yanatosha. Kwa Sheria ya Urithi hayatoshi. Sheria hiyo inafanya kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka kuwa kosa la jinai, na hata yule aliyekwisha kuteuliwa msimamizi wa mirathi hawezi kuuza ardhi kabla mahakama haijathibitisha hati yake ya usimamizi. Kwa kawaida uthibitisho huo hungoja miezi sita tangu hati itolewe. Kwa hiyo karatasi ya kuomba ni hati iliyothibitishwa, yenye orodha ya nani anapata ekari ngapi. Barua ya chifu inayotaja warithi ni hatua ya kwanza ya safari hiyo. Si mwisho wake.

Orodha hiyo isome kwa makini, utafute majina ya mabinti. Wazee wengi bado wanagawa shamba kwa wana wa kiume peke yao, lakini sheria haimtofautishi binti na kaka yake, awe ameolewa au hajaolewa. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya familia moja ya Uasin Gishu, ilikataa mgawo uliowapa wana sehemu kubwa kuliko mabinti kwa hoja kwamba mabinti wataolewa. Ukinunua kwa kaka wanne waliokubaliana vizuri huku dada yao aliyeolewa Narok hajaulizwa, umenunua pamoja na kesi yake.

Tuseme mwenye hati yuko hai na ndiye anayeuza. Bado ardhi ya kilimo haiuzwi kwa mapatano ya watu wawili tu. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka kibali cha bodi ya ardhi ya eneo hilo, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Muda ukipita bila kibali, mauzo ni batili, isipokuwa mahakama iongeze muda. Kama unanunua kipande cha shamba na si shamba zima, vibali ni viwili: cha kugawanya na cha kuhamisha. Watu wanapata cha kwanza, saveya anaweka mawe, kila mtu anaenda nyumbani akidhani kazi imekwisha.

Na mauzo yakiwa batili, pesa zako? Sheria inasema unaweza kuzidai kama deni. Yaani uliyelipa laki nne miaka kumi iliyopita utadai laki nne, hata kama ploti kama hiyo leo inauzwa mara tatu. Ndiyo maana muuzaji mjanja huwa hana haraka ya kwenda bodi.

Hapa mahakama zenyewe zimevutana. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba bila kibali hakuna kitu, basi. Mwaka 2018 mahakama hiyo hiyo, katika rufaa iliyosikizwa Eldoret, ikakubali kwamba muuzaji aliyepokea pesa na kumwingiza mnunuzi shambani anaweza kuhesabiwa kuwa anamshikia ardhi kwa amana, kibali kiwepo kisiwepo. Wapo mawakili wanaowatuliza wateja kwa uamuzi huo. Mimi sioni raha ndani yake: ni dawa ya aliyekwisha kuumia, na hupatikana baada ya miaka ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama ya ardhi.

Bodi yenyewe haitishi. Mwenyekiti ni Naibu Kamishna wa Kaunti au mwakilishi wake, wajumbe ni watu wa eneo hilo, na mara nyingi wanamjua muuzaji kuliko unavyomjua wewe. Muuzaji huja na mke wake na watoto waliokomaa. Mwenyekiti humgeukia mke: “Mama, umekubali mzee auze?” Akijibu kwa sauti, mambo yanaendelea. Akitazama chini, mara nyingi ombi huahirishwa, na wewe mnunuzi shukuru badala ya kununa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu mume au mke mmoja kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Penye mitara, uliza mapema sehemu unayouziwa inalimwa na mke yupi.

Vipi kuhusu mkataba ulioandikwa mbele ya chifu? Naujua ulivyo: ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, majina ya mashahidi sita upande mmoja, dole gumba la mzee upande wa pili, muhuri wa chifu katikati. Kama umetiwa sahihi na pande zote na kushuhudiwa, mahakama inaweza kuupokea kuwa ni mkataba wa ardhi. Ila chifu hahamishi ardhi wala muhuri wake hauchukui nafasi ya kibali cha bodi. Na ukurasa huo una ugonjwa mwingine: hausemi ukubwa. Unasema “ploti moja”.

Ploti moja ni nini? Eka ina futi za mraba 43,560. Anayesema “pointi moja” anakuuzia sehemu ya kumi, yaani futi 4,356. Anayesema “hamsini kwa mia” anakuuzia futi 5,000. Anayesema “thumuni ya eka” anapaswa kukupa futi 5,445. Kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna zaidi ya futi elfu moja, nafasi ya nyumba nzima ya vyumba viwili na choo. Nimeona majirani wakipigania tofauti hiyo kwa panga. Andika vipimo, umwite saveya kabla ya kulipa, na uhakikishe barabara ya kufika huko imeachwa kwenye ramani. Njia ya wachuma chai si barabara.

Utafutaji rasmi, ile sachi, unafanywa kwa namba ya shamba. Mgeni hushtuka akiona namba ya shamba la Bomet inaanza na neno Kericho. Usikimbie: Bomet ilikatwa kutoka Wilaya ya Kericho mwaka 1992, na mashamba mengi yalibaki na jina la zamani. Sachi itakuonyesha mwenye hati, mkopo uliowekewa dhamana, na zuio lolote. Haitakuonyesha mtu anayeishi hapo. Nenda utembee shambani, kwa sababu aliyekaa waziwazi bila ruhusa kwa miaka 12 anaweza kuidai ardhi mahakamani. Tena tangu Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Dina Management kuhusu kiwanja cha ufuoni Mombasa, kuonyesha hati hakutoshi. Hati ikipingwa, mwenyewe aweze kueleza ilivyopatikana tangu mwanzo. Omba historia ya rejista, si ukurasa wa juu tu.

Kodi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 mjini. Ploti ya laki sita huko nje ni shilingi 12,000. Kodi ya faida ya mtaji, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, ni ya muuzaji, lakini mtu binafsi anayeuza ardhi isiyozidi shilingi milioni tatu ameachwa nje, na vivyo hivyo shamba la chini ya ekari 50 lililo nje ya mji.

Kinachobaki ni chai iliyosimama. Michai huenda pamoja na ardhi; namba ya mkulima na hisa za kiwanda haziendi zenyewe. Mwaka wa hesabu wa KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, hufungwa tarehe 30 Juni na bonasi hulipwa baadaye, karibu na Oktoba. Ukinunua Agosti, majani yaliyochumwa hadi Juni ni jasho la muuzaji, na bonasi itaingia kwenye akaunti yake hata kama wewe tayari umehamia. Kama mmepatana vinginevyo, iandikwe kwenye mkataba, pamoja na tarehe ambayo namba itabadilishwa kiwandani na nani atachuma katikati.