Ukiufunga ovyo mfuko wa kulalia, mlima utakuumbua

KUNA mshikaji wangu mmoja, jina nalihifadhi kwa kuwa bado tunasalimiana, ambaye alipanda Kilimanjaro akiwa amependeza kuliko watu wote kwenye kundi letu. Begi la mgongoni jekundu, mikanda kila upande, miwani ya jua juu ya kofia, bitozi kamili! Na kule chini ya begi, kwa nje, alikuwa ameuning'iniza mfuko wake wa kulalia. Kauviringisha kama mkeka, kaufunga kwa kamba mbili, unayumba kushoto na kulia kila akipiga hatua.

"Mnaona mambo?" alituambia pale kwenye geti la Marangu. "Ndivyo wanavyofunga kwenye sinema."

Mpagazi mmoja, mtu mzima, alimtazama kisha akamwambia kwa upole: "Kijana wangu, huo uingize ndani. Huku msituni mvua haina saa."

Jamaa akacheka. "Ondoa shaka mzee, mimi mtoto wa mjini."

Basi msomaji, usicheke, maana wengi wetu ndivyo tulivyo. Ukiambiwa safari ya mlimani unahangaikia viatu, koti na kamera ya kupigia picha. Ule mfuko wa kulalia, ambao wapagazi wanauita slipingi begi, unachomekwa popote penye nafasi. Tena wengine wanakwenda kuununua mitumbani siku moja kabla ya safari, hata zipu hawaijaribu.

Haikupita saa moja na nusu tangu tuingie msituni, mvua ikashuka. Si unajua mvua ya msitu wa mlima, hata ikikatika angani, miti yenyewe inaendelea kunyesha. Tulipofika Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, mfuko wa jamaa ulikuwa unachuruzika maji upande mmoja. Akauanika kwenye kamba. Ukungu ukaja, ukakaa juu yake usiku kucha. Asubuhi ulikuwa umelowa kuliko jana yake!

Usiku wa pili tulikuwa Horombo, mita 3,720. Hapo ndipo mtoto wa mjini alipochemsha. Kufika saa sita usiku meno yanagongana, tunayasikia kutoka kitanda cha pili. Tukampa makoti yetu, wapi! Mara mlango ukafunguliwa, akaingia yule yule mzee mpagazi na blanketi lake mkononi. Akamfunika, akatoka bila kusema neno.

Asubuhi ndipo tulipojua kwamba mzee alilala kwa kubanana na mwenzake chini ya blanketi moja. Halafu akajitwisha mzigo wake, akaanza kupandisha kwenda Kibo. Jamaa yetu alikuwa amechoka, anakohoa, macho mekundu. Kiongozi akamwangalia, akamwambia ateremke. Akiba ya mwaka mzima iliishia hapo, kwa sababu ya kamba mbili!

MFUKO HAUTOI JOTO

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Mfuko wa kulalia si jiko. Joto ni lako wewe mwenyewe, kazi ya mfuko ni kulizuia lisitoroke. Ndani yake kuna manyoya laini ya bata au nyuzi za kiwandani zinazofanana na pamba. Vitu hivyo vikitutumka vinashika hewa, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayokukinga na baridi. Ukilowa, manyoya yananywea kama kuku aliyenyeshewa, hewa inakwisha, umebaki na kitambaa kibichi. Nyuzi za kiwandani zina nafuu kidogo, zinavumilia unyevu kuliko manyoya na zinakauka upesi, lakini nazo ni nzito zaidi na zinakula nafasi.

Sasa piga hesabu. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6. Dar es Salaam kukiwa na nyuzi 30, kule Kibo kwenye mita 4,700 na ushee unabakiwa na nyuzi kama 2 tu, na hapo ni mchana. Usiku barafu inaganda ndani ya chupa ya maji. Hapo ndipo unapotakiwa uibe usingizi kidogo, halafu karibu na saa sita usiku uamshwe kuanza safari ya kwenda kileleni Uhuru, mita 5,895. Kama mwili umetumia masaa yote hayo kutetemeka, miguu utaitoa wapi?

USIUVIRINGISHE, USHINDILIE

Wengi wetu tumefundishwa na mama zetu kukunja vitu vizuri. Kwa shuka sawa, kwa mfuko wa kulalia hapana. Ukiukunja kwa mistari ile ile kila siku, manyoya na nyuzi vinavunjika pale pale, na baada ya muda kunabaki michirizi isiyo na kitu ndani. Hiyo ndiyo milango ya baridi.

Unachotakiwa kufanya ni kuushindilia. Shika kifuko chake kwa mkono mmoja, anza kuingiza upande wa miguuni, konzi kwa konzi, ukisukuma hadi chini kabisa. Hewa inatokea upande wa juu, ambao unaingia mwisho. Acha zipu wazi kidogo ili hewa isikwame ndani. Mara ya kwanza utatukana, mara ya tatu utakuwa unamaliza upesi huku unapiga stori.

Kuna vifuko vyenye mikanda ya kubana pembeni. Ni bomba, lakini usizidishe sifa. Vuta mkanda mmoja kidogo, hamia wa pili, zungukia yote, vinginevyo utatokea upande mmoja. Na usiubane mpaka uwe mgumu kama mpira wa miguu. Mpira ukiutia kwenye begi unaacha mapengo kila kona, nawe utahangaika kuyajaza. Mfuko uliobanwa kiasi unabonyea, unaingia kwenye kona, begi linakaa vizuri mgongoni.

UNAOTUMIKA MWISHO UNAINGIA KWANZA

Hii ndiyo kanuni yenyewe, ikariri. Mfuko wa kulalia hauutaki mpaka jioni, kwa hiyo mahali pake ni chini kabisa ya begi, kwa ndani. Faida yake si moja. Ni mwepesi ingawa mkubwa, hivyo vitu vizito vinakaa juu yake karibu na katikati ya mgongo, na huvutwi nyuma unapopanda. Pia ni laini, unakuwa kama mto kati ya begi na kiuno chako. 

Juu yake weka nguo kavu za kulalia, soksi na fulana, ambazo ni mwiko kuzivaa mchana hata ukilowa vipi. Halafu vitu vizito kama maji na chakula, vikiegemea mgongo. Koti la mvua liwe juu kabisa, ulichomoe bila kufungua begi zima. Nimeona mtu kazika koti la mvua chini ya kila kitu, akalipata mvua ilipokwisha!

Lakini kuuweka ndani peke yake hakutoshi. Mabegi mengi yanavujia kwenye mishono na zipu, hata yale yaliyoandikwa kwamba hayapitishi maji. Tandika ndani ya begi mfuko mzito wa plastiki usio na tundu, ule wa kuweka ndani ya pipa la taka. Shindilia mfuko wa kulalia na nguo kavu humo, toa hewa, sokota mdomo wake, ukunje kwa ndani. Wenye fedha zao wananunua mifuko maalumu isiyopitisha maji. Ila usije na rambo, zilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na kusema kweli hata zamani zilikuwa zinachanika kabla ya kufika popote.

"MPAGAZI SI YUPO?"

Najua kuna atakayesema hivyo. Ni kweli, Kilimanjaro begi kubwa hubebwa na mpagazi, wewe unatembea na dogo lenye maji, koti na vitafunwa. Ndiyo maana unatakiwa uwe makini zaidi. Ukishalikabidhi begi asubuhi, unaweza usilione tena mpaka jioni. Mpagazi analibeba kichwani au shingoni, mara nyingi akiwa amelitia kwenye kiroba, na mvua ikimkuta njiani inamkuta na mzigo wako. Hatalifungua kurekebisha uzembe wako. Halafu mzigo wake una kikomo, kilo 20, na unapimwa getini. Mfuko uliolowa unaongezeka uzito, na shingo inayoubeba si yako.

Ukifika jioni, usingoje usiku. Utoe mapema, ukung'ute, uache ututumke kabla hujaingia. Vaa zile nguo kavu. Ukipata maji ya moto, jaza chupa, funga kizibo sawasawa, iweke miguuni. Na usijifunike uso ukapumulia ndani, maana mvuke wa pumzi ni maji vilevile. Acha pua nje, vaa kofia.

Ukirudi mjini, uanike kivulini hadi ukauke kabisa, kisha uuhifadhi ukiwa umeachiwa, kwenye gunia pana au umetundikwa kabatini. Ukiuacha umebanwa miezi sita chini ya kitanda, siku ukiufungua hautatutumka tena. Utakuwa na shuka la bei mbaya.

Naona unauliza, yule jamaa aliishia wapi?

Sisi tulipanda, tukafika, tukateremka. Kufika getini Marangu tukamkuta amekaa kwenye ngazi. Tulidhani ametungoja sisi, kumbe wala. Alituruka wote akaenda moja kwa moja kwa yule mzee. "Shikamoo mzee," akasema, mara hii bila miwani. Akamkabidhi ule mfuko wa kulalia. Alikuwa ameuanika juani siku mbili nzima, akaushindilia ndani ya mfuko mzito wa plastiki, akausokota mdomo na kuukunjia ndani.

Mzee akaugeuza, akaubonyeza kwa kidole gumba, akatabasamu. "Sasa umejua kufunga," akamwambia.