Kokoto za Johannesburg na wazee wa Wenela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze jambo ambalo wengi wetu hulisikia nusunusu. Tunaambiwa kuwa wazee wetu wa Rungwe na wilaya nyingine za kusini waliokwenda “Wenela” walikwenda kuchimba dhahabu. Ni kweli, lakini hasa walichochimba ni changarawe ya mto.

Mito hiyo ilitiririka karibu miaka milioni 2,900 iliyopita, kabla ya samaki na kabla ya jani lolote kuota. Ilishuka vilimani ikamwaga kokoto nyeupe katika bonde kubwa, mahali ilipo Johannesburg leo. Chembe za dhahabu, kwa uzito wake, zikabaki katikati ya kokoto. Baadaye yote yakafunikwa, yakashikana yakawa mwamba. Wapo wataalamu wanaosema kuwa sehemu ya dhahabu ililetwa na maji moto ya chini ya ardhi, na mabishano hayo hayajaisha. Makaburu waliuita mwamba huo “banket”, jina la kitafunio chao cha lozi, kwa jinsi kokoto zilivyojipanga ndani yake.

Sasa tazama, ndugu msomaji. Tangu dhahabu ilipogunduliwa Langlaagte mwaka 1886, ilionekana kuwa tabaka hilo ni jembamba, mara nyingi halifiki hata mita moja, nalo limeinama kuingia ardhini. Wachimbaji wakalifuata mpaka kina cha karibu kilomita nne, kwa gramu chache tu za dhahabu katika kila tani. Na tangu 1934 hadi 1971 bei rasmi ya dhahabu ilikuwa dola 35 kwa aunsi. Mwenye mgodi hakuweza kupandisha bei wala kunenepesha tabaka. Alichoweza ni kubana mshahara, na ndiyo maana mawakala wakaja kutafuta vijana hadi Tanganyika.

Kokoto zile nyeupe ni silika tupu. Zikitobolewa hutoa vumbi laini lisilotoka tena mapafuni. Huleta silikosisi, na mwenye silikosisi hushikwa upesi na kifua kikuu. Mtu aliweza kurudi kwao mzima, akaanza kukohoa miaka mingi baadaye, jirani wakadhani amelogwa.

Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ya makampuni kadhaa kuwalipa fidia wachimbaji hao na warithi wao, pamoja na waliotoka nchi nyingine. Lakini yanawahusu waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Tanganyika ilikwisha kusimamisha uandikishaji wa Wenela baada ya Uhuru wa 1961, kwa hiyo wengi wa wazee wetu walikuwa wamekwisha rudi nyumbani. Vumbi walilovuta ni lile lile.

Nawaomba wenye wazee hao, au wenye kadi zao za mkataba, waandike walikuwa mgodi gani na miaka gani. Katika nyumba nyingi hata majina ya migodi yamekwisha sahaulika.

Msomaji,
Tukuyu.