Upatanisho wa Kisarufi katika Viunzi vya Programu za Mtandao

Makala hii inakusudia kuchunguza suala ambalo sisi wanaisimu tumewaachia mafundi wa kompyuta peke yao, yaani jinsi viunzi vya programu za mtandao vinavyoiunda sentensi ya Kiswahili. Kwa kiunzi tuna maana ya mkusanyo wa sehemu zilizokwisha tengenezwa, ambazo mtunzi wa programu huziunganisha badala ya kuanza kazi tangu mwanzo. Mfano wetu ni Angular, kiunzi ambacho Google ilikitoa kwa sura yake ya sasa mwezi Septemba 2016.

Kiunzi hiki kimezidi kupanuka. Toleo la 5, la mwaka 2017, lilileta nyenzo ya kuiwezesha programu kuendelea kufanya kazi hata mawasiliano yanapokatika. Toleo la 17, la Novemba 2023, liliongeza njia ya kuahirisha upakiaji wa sehemu ya ukurasa mpaka ihitajike. Manufaa yake ni dhahiri kwa mtu wa Griftu, katika Wajir Magharibi, ambako mfugaji hufuata malisho mbali na minara ya simu.

Hata hivyo, ipo nyenzo nyingine inayotuhusu zaidi, nayo ni ile ya kuchagua maneno kulingana na idadi. Kanuni zinazotumika hukigawa Kiswahili katika hali mbili tu: moja, na nyinginezo. Mgawanyo huu si wa makosa, lakini hautoshi. Tuchukue programu ya kuandikisha mifugo na visima. Mtunzi akiweka kiolezo kimoja chenye nafasi ya idadi na nafasi ya jina, kisha akatumia kiambishi cha i- kwa kila jina, mfugaji atasoma “Ngamia 3 imesajiliwa” na “Visima 3 imesajiliwa”. Tunachokitarajia ni “Ngamia 3 wamesajiliwa” na “Visima 3 vimesajiliwa”. Tena, umbo la neno ngamia halibadiliki katika wingi. Kwa hiyo ni kiambishi cha kitenzi pekee kinachobeba upatanisho.

Je, kiunzi kimeshindwa? La. Angular inaruhusu uchaguzi wa idadi kuwekwa ndani ya uchaguzi mwingine. Mtunzi anaweza kutenga kwanza ngeli ya A-WA, KI-VI, LI-YA na kadhalika, kisha ndani ya kila ngeli akatenga umoja na wingi. Lakini mashine haiijui ngeli ya neno mpaka ielezwe. Maelezo hayo hayawezi kutoka kwa fundi ambaye hajafundishwa kwamba ngamia, ingawa umbo lake ni la N, hupatanishwa na viumbe hai.

Uzito wa jambo hili unaonekana vyema Griftu. Wenyeji wengi huko wamelelewa katika Kisomali, na Kiswahili hujifunza shuleni. Kwa msomaji wa namna hiyo, maandishi ya kioo cha simu ni kitabu cha sarufi pia. Kosa linalorudiwa kila siku hugeuka kuwa kanuni.

Kwa hiyo, wajibu wetu ni kutayarisha orodha za maneno zenye kuonyesha ngeli, umoja, wingi na uhai, katika umbo ambalo kompyuta inaweza kulisoma. Kamusi zetu zinayo sehemu kubwa ya maarifa hayo. Kilichobaki ni kuyafikisha kwa watunzi wa programu.