Miwani ya uhalisia pepe: macho yamefika, miguu bado

Jioni moja baada ya sala ya Alasiri, kijana wa hapa Mohoro anayesoma Dar es Salaam aliingia katika madrasa yetu na miwani minene inayofunika macho yote. Watoto wakapanga foleni. Bibi mmoja muuza maandazi, ambaye kwa miaka mingi anaweka akiba ya Hija, naye akavishwa. Aliiona Al-Kaaba mbele yake. Alipogeuza shingo, akawaona mahujaji ubavuni mwake. Akalia. Alipovuliwa, akatuuliza: "Wanangu, hii itahesabiwa?"

Sisi wa kamati ya msikiti hatukutaka kumjibu kwa pupa.

Miwani hiyo huonesha kila jicho picha yake, zikitofautiana kidogo, na hufuata mwendo wa kichwa. Ndipo mtu akahisi yumo ndani ya mahali asipokuwepo. Huo ndio uhalisia pepe. Njia nyingine haifungi macho: simu huelekezwa mezani, na jengo likaonekana limesimama juu ya meza ya kweli. Wasanii wa leo hutumia njia zote mbili kuumba kazi ambazo mtazamaji huingia ndani yake badala ya kuzitazama kwa mbali.

Faida yake ipo, tena karibu nasi. Kusini mwetu, Kilwa Kisiwani, umesimama Msikiti Mkuu ulioanza kujengwa karne ya 11. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akausifu ukarimu wa Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman. Magofu hayo yaliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini, na hayakutolewa humo hadi 2014. Hata leo bahari inaendelea kuimega fukwe ya kisiwa. Mwaka 2020 Google Arts & Culture, CyArk na ICOMOS walitoa mradi kuhusu turathi zinazotishiwa na mabadiliko ya tabianchi, na Kilwa ilikuwa mojawapo ya sehemu tano zilizochaguliwa. Majengo hupimwa kwa miale ya leza na kupigwa picha nyingi, kisha kompyuta huziunganisha. Mtoto wa Mohoro asiye na nauli ya kufika Kilwa anaweza kuyaona waliyoyajenga wazee wake.

Lakini kuona si kutenda. Mwezi Desemba 2021 Saudi Arabia ilizindua mpango wa kulitazama Jiwe Jeusi kwa uhalisia pepe. Mjadala ulipozuka, mwaka 2022 idara ya dini ya Uturuki ilibainisha kuwa ziara ya namna hiyo haiwi Hija. Na hivyo ndivyo tunavyofahamu: Hija ina ihramu, tawafu, sa'yi na kusimama Arafa, na haya hutekelezwa kwa mwili ulio pale, katika siku zake.

Hivyo tulimwendea bibi tukamwambia kwamba haitahesabiwa kuwa Hija. Tukamkumbusha pia kuwa Sura Aal Imran, aya ya 97, imeifaradhisha kwa mwenye uwezo. Asiye na uwezo hana deni wala aibu, na nia yake Mwenyezi Mungu anaijua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi miwani imenionesha njia. Nitaendelea kukaanga."

Wazazi, tusiitupe miwani wala tusiifanye kibla. Itumike kuwafunza mahujaji watarajiwa na watoto wetu, nayo iwekwe kando adhana inaposikika. Nasi tulioshuhudia mafuriko ya mwaka 2024 tumemwomba kijana yule aupige picha msikiti wetu, kila ukuta na kila nguzo, pamoja na makaburi ya wazee, kabla maji hayajarudi. Amekubali kuanza likizo ijayo, inshaallah.