Moyo Kwenye Kishikwambi

Kupima umeme wa moyo mgonjwa akiwa mbali na mtaalamu si jambo la juzi. Mwaka 1905, huko Leiden, Uholanzi, mwanasayansi Willem Einthoven alikuwa na mashine ya kipimo hicho yenye uzito wa kilo 270 hivi, isiyoweza kupelekwa wodini. Akaunganisha hospitali na maabara yake kwa waya wa simu, umbali wa kilomita 1.5 hivi, akawa anasoma mapigo ya wagonjwa bila wao kuondoka hospitalini.

Leo kazi hiyo inafanywa na kishikwambi. Nchini Kameruni, mhandisi Arthur Zang alibuni Cardiopad kwa sababu madaktari bingwa wa moyo walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa katika miji ya Douala na Yaoundé. Mgonjwa hupimwa katika zahanati ya karibu, mchoro wa moyo wake ukatumwa kwa mtandao wa simu, na bingwa akausoma akiwa mjini.

Watu hustaajabia safari hiyo ya mchoro. Mimi huangalia zaidi zile dakika chache kabla haujatumwa. Kipimo kamili huhitaji vibandiko 10: vinne vya mikono na miguu, sita vya kifuani. Waya za mikono zikibadilishana, sehemu ya mchoro hupinduka juu chini, na msomaji anaweza kudhani moyo umelalia upande wa kulia. Daktari aliye kando ya kitanda angeziona waya. Aliye mbali ana mchoro tu.

Ndiyo maana fomu ya maelezo ya mgonjwa, inayojazwa kwenye kifaa na kutumwa pamoja na mchoro, ina uzito uleule wa mchoro wenyewe. Maumivu yalianza saa ngapi? Mgonjwa anatumia dawa gani? Karatasi hupokea lolote. Fomu iliyotengenezwa vizuri hukataa presha ya 1200 pale muuguzi alipokusudia 120, hutunza taarifa mtandao ukikatika, na humpa kila mgonjwa namba yake, maana watatu wenye jina moja si ajabu kukutana foleni moja.

Kuna pia vifaa vidogo vya kushika kwa vidole, vinavyosoma moyo kutoka upande mmoja tu. Hivyo hugundua mapigo yanayokwenda shaghalabaghala, hali inayoweza kugandisha damu na kuleta kiharusi. Mshtuko wa moyo vinaweza kuukosa kabisa. Mwenye maumivu ya kifua yanayombana aende hospitali mara moja, hata kama kioo kimemwandikia kuwa mapigo yake ni ya kawaida.